Hesabu za Watengeneza Virusi vya Kompyuta

Septemba 2019 kampuni ya Zerodium, iliyokuwa ikinunua mianya ya siri ya kiusalama na kuziuzia serikali, ilitangaza bei mpya. Atakayeleta njia ya kuivamia simu ya Android bila mwenye simu kubofya chochote angelipwa hadi dola milioni 2.5. Kwa iPhone, milioni 2. Ukitaka kujua kwa nini mtengenezaji wa programu hasidi anauandama mfumo huu na kuuacha ule, anzia kwenye bei za namna hiyo. Hii ni biashara yenye mtaji, gharama na faida, na ule ubishi wa vijiweni kwamba Windows ni mbovu na Mac haishiki virusi hauelezi mengi. Mwaka 2012 kirusi cha Flashback kiliingia katika Mac zipatazo 600,000.

Anayelipa mamilioni kuingia katika simu moja hana shida na simu yako wala yangu. Anamtaka mwanahabari fulani, au mpinzani fulani wa serikali. Mhalifu wa kawaida hutafuta wingi na uzembe, na katika ofisi wingi huo ni wa Windows. Mei 12, 2017 programu hasidi ya WannaCry ilipofunga kompyuta za hospitali za Uingereza na za nchi nyingine nyingi, Microsoft ilikuwa imeshatoa marekebisho tangu Machi. Ziliumia zile ambazo hazikusasishwa.

Namna hesabu hizi zinavyopigwa inaonekana vizuri kwa LockBit, kundi la kufunga kompyuta na kudai fidia, ambalo waendesha mashtaka wa Marekani wanasema lilijipatia angalau dola milioni 500. Lilifanya kazi kwa mtindo wa uwakala: wakuu wanatengeneza programu, mawakala wanavamia kampuni, na fidia ikilipwa wakuu wanachukua asilimia 20. Walianza na Windows. Mwaka 2021 wakatoa toleo la kushambulia ESXi, mfumo unaowezesha seva moja kubeba kompyuta pepe nyingi kwa wakati mmoja. Ukiifunga seva hiyo umefunga mishahara, barua pepe na stoo ya kampuni kwa mkupuo. Aprili 2023 toleo lao la Mac nalo likaonekana, ila wataalamu walioichambua programu hiyo walikuta ni ya majaribio tu, haijakamilika. Kwa maoni yangu sababu ni ya kibiashara: seva za kampuni hazikai kwenye Mac.

Linux nayo, inayosifiwa kwa uimara, iliponzwa na vifaa vya bei rahisi. Programu hasidi ya Mirai ya mwaka 2016 ilipita kwenye kamera za ulinzi na ruta zinazotumia Linux, ikajaribu maneno ya siri yapatayo 60 ambayo viwanda huweka na wanunuzi hawabadilishi. Haikuhitaji ufundi mkubwa. Baadhi ya vijana wa Kimarekani walioitengeneza walikuwa pia na kampuni ya kuuza kinga dhidi ya mashambulizi ya aina hiyohiyo!

Afrika uwanja ni Android, kwa kuwa ndiyo simu ya wengi na ndimo pesa zilimo. Mwaka 2020 simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Misri, Ghana, Kameruni na Afrika Kusini zilikutwa na Triada na xHelper, programu zilizokuwa zikimuunganisha mteja na huduma za kulipia bila yeye kujua na kumla salio. Kampuni mama, Transsion, ilimtupia lawama mzabuni katika mnyororo wake wa ugavi. Njia nyingine ni rahisi zaidi: faili la programu linatumwa kwa WhatsApp, mtu analipakua nje ya duka rasmi, linaomba ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi, naye anakubali. Namba ya uthibitisho ya benki ikija, wahalifu wanaisoma kwanza.

Oktoba 14, 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bure, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda. Kompyuta hizo zinaendelea kuwaka kama kawaida, ila kila rekebisho linalotolewa kwa Windows 11 linaweza kumwonyesha mhalifu tundu ambalo Windows 10 bado inalo. Kama yako ndiyo inayotunza hesabu za duka, mwulize fundi wako leo inapata masasisho au haipati.