QURTUBA: MSIKITI ULIOSALIA, MJI ULIOMEZWA NA FITNA

Wahenga walisema, tembea uone. Na Mwislamu wa pwani yetu akijaliwa kutembea Ulaya, asiridhike na London na Paris peke yake. Kusini mwa Hispania, kando ya mto mpana, uko mji ambao utamfanya asimame na kujiuliza: Je, hapa ni ugenini kweli? Leo mji huo huitwa Cordoba. Waarabu waliuita Qurtuba.

Mto wenyewe huitwa Guadalquivir, na jina hilo ni Kiarabu kilichopindwa na ndimi za wageni: al-Wadi al-Kabir. Mgeni na akae kitako mkahawani asikilize. Sisi twasema sukari, wao husema azúcar. Sisi twasema kadhi; wao humwita mkuu wa mji alcalde, na asili ya neno ni ile ile. Hata hii "hata" yetu wanayo, ila wao husema hasta, kwa maana ya "mpaka". Na Mhispania akitamani jambo liwe, husema ojalá, na huenda hajui kwamba ndani ya neno hilo limo jina la Mwenyezi Mungu.

Wageni karibu wote huanzia penye msikiti mkuu. Aliyeuanza mwaka 785 ni Abd al-Rahman wa Kwanza, wa ukoo wa Umayya, ambaye katika ujana wake aliponea chupuchupu jamaa zake walipouawa huko Sham, akakimbilia Maghribi na hatimaye Andalusia. Waliomfuata waliuongeza mara kwa mara, hata mwisho wa karne ya 10 ukawa miongoni mwa misikiti mikubwa kabisa duniani.

Mtu hupita kwanza katika ua wenye michungwa, ambamo zamani watu walitawadha, kisha huingia ndani penye kiza. Macho yakishazoea, lo! Nguzo zaidi ya 800 zimesimama safu kwa safu, kama minazi ya shamba lisilo mwisho. Nyingi zilitolewa katika majengo ya kale ya Warumi, nazo zilikuwa fupi. Mafundi wakafanya nini? Walijenga matao mawili, moja juu ya jingine, paa likainuka. Matao hayo ni ya mawe meupe na matofali mekundu, kwa zamu. Mbele kabisa iko mihrabu ya wakati wa al-Hakam wa Pili, ya miaka ya 960, iliyopambwa kwa vipande vidogo vinavyometa dhahabu, na aya za Qurani kwa hati ya Kikufi zasomeka mpaka leo.

Hapo ndipo moyo wa Mwislamu hutaabika. Mwaka 1236 Mfalme Ferdinand wa Tatu aliuteka mji, na msikiti ukageuzwa kanisa. Ni kanisa hadi leo, na misa husomwa humo. Waislamu wa Hispania wameomba waruhusiwe kuswali, Kanisa likakataa. Na mgeni akijaribu kurukuu, walinzi humzuia. Wewe msomaji utakayejaliwa kwenda, ujue hayo mapema usije ukafedheheka. Utapata pa kuswali katika msikiti mdogo ulio kwenye bustani za Plaza de Colón, ndani ya mji huo huo.

Lakini liko jambo ambalo wengi hulipita. Mwaka 1523, askofu alipotaka kuvunja katikati ya msikiti ili ajenge kanisa refu, waliosimama kumpinga walikuwa madiwani wa Cordoba, nao ni Wakristo. Walitangaza kwamba fundi atakayetia mkono katika kazi hiyo kabla ya Mfalme kutoa uamuzi atauawa. Hoja yao ilikuwa kwamba kazi kama ile ikishavunjwa haiwezi kufanywa tena. Mfalme Charles wa Tano alimpa askofu haki, na kanisa lile lingali limesimama katikati ya nguzo.

Ukitoka hapo, tembea katika vichochoro vya mji wa kale. Nyumba zimeupa mtaa mgongo, na uzuri wake umo ndani, katika kiwanda chenye maua na maji, mfano wa viwanda vya nyumba za mawe za Lamu. Mwezi wa Mei wenyeji huvifungua na kushindana kwa maua. Huo ndio wakati mwema wa kwenda, kwani Julai na Agosti joto hupita digrii 40. Karibu na ukuta wa mji utaiona sanamu ya Ibn Rushd, mwanafalsafa aliyekuwa kadhi hapa katika karne ya 12. Na chakula ukiulize kwanza: hata salmorejo, mchuzi wa nyanya unaonywewa baridi, aghalabu hunyunyiziwa nyama ya nguruwe.

Kisha usirudi bila kwenda Madinat al-Zahra, kilomita zipatazo 8 magharibi mwa mji. Khalifa Abd al-Rahman wa Tatu aliuanza mwaka 936, mji mzima wa kifalme kwa ngazi tatu mlimani, wenye kasri, bustani na msikiti. Leo ni magofu. Ni nani aliyeuangamiza? Mgeni hudhani ni Wakristo. Sivyo. Mwaka 1009 Waislamu wa Andalusia walianza kupigania ukhalifa wao kwa wao, na mwaka 1010 majeshi yao wenyewe yakaupora. Hata miaka 80 haukutimiza. Mawe yake yakachukuliwa kujengea kwingine, udongo ukaufunika, hata wataalamu walipoanza kuufukua mwaka 1911. Ukhalifa nao ulifutwa mwaka 1031, nchi ikagawanyika vijifalme vilivyopigana. Ferdinand alipofika miaka 200 baadaye, alikuta nusu ya kazi imekwisha kufanywa.

Wengi huuona msikiti tu, wakarudi kwao wakiwalaumu wengine. Atakayepanda mpaka kwenye magofu yale akayatazama mawe, atarudi na swali linalotuhusu sisi wenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.