Jana Iliwaka, Leo Haiwaki

Ukienda mazoezi ya kufundisha ukapewa Fizikia, jiandae kuisikia hii: "Mwalimu, jana ilikuwa inawaka!" Mimi niliisikia Kibondo kwenye klabu ya sayansi ya sekondari moja, kisha nikaisikia tena Kasulu. Kifaa kilikuwa cha aina ileile: taa ndogo inayojiwasha giza likiingia, yenye transista moja, kihisi mwanga na betri ya volti 9. Mezani inawaka. Ikisafirishwa kwa bodaboda kwenye barabara ya vumbi, inazima. Ukiigusa, inawaka.

Wengi hapo tunamwambia mwanafunzi afumue yote aanze upya. Kwangu hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote, maana akifumua, kosa linapotea kabla halijajulikana lilikuwa wapi. Na waya mbovu anaurudisha uleule!

Basi usirekebishe kitu kwanza. Lifanye kosa litokee. Washa kifaa, chukua kijiti kikavu au kalamu ya plastiki, usukume kiungo kimoja kimoja huku unaangalia taa. Usitikise kifaa kizima, kwa sababu viungo kumi vitacheza pamoja na hutajua ni kipi. Taa ikipepesa, weka alama, kisha rudia mahali hapohapo mara tatu.

Mara nyingi utaishia pale waya laini unapokutana na kitu kigumu: kwenye lehemu, au kwenye kofia ya betri. Waya wa nyuzi hukatika ndani ya plastiki huku nje ukionekana mzima. Uvute taratibu, palipokatika panavutika kama mpira. Lehemu mbaya nayo unaijua kwa kukaa kama tone juu ya waya badala ya kutambaa na kuushika. Kama mmetumia ule ubao wa matundu, vibanio vya ndani hulegea vikishaingizwa miguu minene, na kiangazi vumbi letu jekundu linamalizia kazi.

Sasa mita, hapa ndipo watu wanapodanganyika. Tuseme kiungo kibovu kina ukinzani wa omu 100,000. Ukitoa taa ukapima volti baada ya kiungo hicho, mita nyingi za kidijitali zitakuonyesha karibu volti 8.9, kwa sababu mita yenyewe ina ukinzani wa kama omu milioni 10 na inavuta mkondo kidogo mno. Unasema betri nzima, waya mzima. Kumbe ukirudisha taa, kinachopita hapo hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya miliampea, na taa haiwaki ng'o.

Kwa hiyo pima kifaa kikiwa kinafanya kazi, ncha moja ya mita huku na nyingine kule ya kiungo unachokishuku. Kiungo kizima kitasoma karibu na sifuri. Kibovu kitakuonyesha volti zilizopotea.

Yule wa Kasulu alikuwa kidato cha pili, na alishasema akifika cha tatu anaacha Fizikia, ati haiko kwenye damu yake. Tukapima kofia ya betri: volti 6 na kitu juu ya waya mwekundu peke yake. Akaukata mwenyewe sentimita mbili, akaulehemu, halafu akaufunga kwa uzi kwenye boksi ili ukivutwa, anayevutwa awe uzi. Mara akauliza kama mita inaweza kubaki kwake mpaka Jumatatu, kwani nyumbani kuna redio ya babu yake inayokatakata.