Kwa nini kuta za New Orleans zilianguka kabla maji hayajazipita

ASUBUHI ya Septemba 1, 2008, walimwengu walikodolea macho ukuta mmoja wa saruji mjini New Orleans, Marekani. Kimbunga Gustav kilikuwa kimetua katika pwani ya jimbo la Louisiana, na maji ya mfereji uitwao Industrial Canal yalikuwa yakiruka juu ya ukuta huo na kumwagika upande wa makazi ya watu.

Ukuta ulistahimili. Hata hivyo, hofu ya wakazi, ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kuhama mji, haikuwa ya bure. Miaka mitatu kabla ya hapo, Agosti 29, 2005, kimbunga Katrina kilipasua kuta na matuta ya eneo hilo katika sehemu zaidi ya 50. Takriban asilimia 80 ya mji ilifunikwa na maji, na kwa jumla kimbunga hicho kiliua watu zaidi ya 1,300.

Wengi waliamini kwamba dhoruba ilikuwa kubwa kupita kiasi. Uchunguzi ulionyesha kuwa huo ni nusu tu ya ukweli. Baadhi ya kuta zilianguka maji yakiwa bado hayajafika kileleni.

Ili kuelewa jambo hilo, ni sharti kwanza kuutazama mji wenyewe. Wafaransa walipouanzisha mnamo 1718, walijenga kwenye ukingo wa mto Mississippi, palipoinuka kutokana na tope lililoletwa na mafuriko ya karne nyingi. Nyuma ya ukingo huo, hadi ziwa Pontchartrain, palikuwa na vinamasi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, pampu zenye nguvu ziliwezesha vinamasi hivyo kukaushwa na nyumba kujengwa. Lakini udongo wa kinamasi ukikaushwa hunywea na kudidimia. Hivyo basi, kadiri mji ulivyozidi kukaushwa, ndivyo ulivyozidi kuzama. Leo karibu nusu yake iko chini ya usawa wa bahari, mfano wa bakuli lililozungukwa na maji. Kila tone la mvua linaloingia humo ni lazima lipandishwe kwa pampu na kumwagwa katika mifereji inayoelekea ziwani.

Mifereji hiyo ndiyo iliyogeuka mlango wa adui. Upepo wa Katrina ulipoyasukuma maji ya ziwa, yalirudi mjini kupitia njia zile zile zilizochimbwa ili kuyatoa.

Kando ya mfereji wa 17th Street, kuta zilikuwa za vipande vya chuma vilivyopigiliwa ardhini na kuvikwa saruji juu. Uzito wa maji uliuinamisha ukuta kidogo, ukafunguka ufa kati yake na udongo. Maji yakajipenyeza katika ufa huo, na tabaka la mfinyanzi laini lililokuwa chini likateleza pamoja na ukuta. Kwenye mfereji wa London Avenue, maji yalipita chini ya ukuta na kuula mchanga uliokuwa umeushikilia.

Kwingineko, hasa mashariki mwa mji, maji yalivuka matuta ya udongo na kuyamomonyoa kwa nyuma. Katika mtaa wa Lower Ninth Ward, ukuta wa Industrial Canal ulianguka na maji yakazing'oa nyumba kutoka kwenye misingi yake.

Kazi ya kuukinga mji dhidi ya vimbunga ilikuwa imekabidhiwa Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani mnamo 1965, baada ya kimbunga Betsy. Miaka 40 baadaye, ilikuwa haijakamilika. Mnamo Juni 2006, Luteni Jenerali Carl Strock, aliyekuwa mkuu wa kikosi hicho, alikiri hadharani kuwa usanifu wa kuta ulikuwa na kasoro.

Ndipo serikali ya Marekani ilipotumia zaidi ya dola bilioni 14 kujenga upya. Upande wa mashariki, kikwazo chenye urefu wa karibu kilomita tatu kiliwekwa kuzuia mawimbi ya dhoruba kabla hayajafika mjini. Milango ya chuma na pampu mpya zikawekwa kwenye midomo ya mifereji, ili ziwa lisiweze tena kurudi kinyumenyume.

Mtihani mkubwa ulikuja Agosti 29, 2021, miaka 16 kamili baada ya Katrina. Kimbunga Ida kilitua Louisiana kikiwa na upepo wa kasi ya kilomita 240 kwa saa. Kuta za New Orleans hazikupasuka. Hata hivyo, umeme ulikatika mji mzima, na wapo waliofariki kutokana na joto kali majumbani mwao. Katika mji wa LaPlace, ulio nje ya kinga hiyo, nyumba nyingi zilifurika.

Tena, kuta hizo mpya zilikusudiwa kuhimili dhoruba yenye uwezekano wa asilimia moja wa kutokea katika mwaka wowote. Kiwango hicho chaonekana kidogo, lakini kwa mtu anayeishi hapo miaka 30, uwezekano wa kuikuta dhoruba kama hiyo ni zaidi ya mmoja kati ya wanne. Wakati huo huo, ardhi ingali inadidimia, bahari inapanda, na vinamasi vilivyokuwa vikipunguza nguvu za mawimbi vinazidi kumezwa na maji.

Labda ndiyo sababu hata jina la mradi lilibadilishwa. Ule wa zamani uliitwa wa kukinga dhidi ya vimbunga. Huu mpya unaitwa wa kupunguza hatari ya madhara yake. Anayeishi nyuma ya kuta hizo hana budi kuizingatia tofauti hiyo kila amri ya kuhama inapotolewa.