Fleti ya Kale, Samani za Leo

Kukarabati fleti iliyomo ndani ya jengo la kale ni kuwapatia watu wa leo jiko, maji, umeme na mwanga bila kuudhuru ukuta uliojengwa kwa kanuni nyingine kabisa. Nchini Tanzania fleti za namna hiyo ziko zaidi katikati ya Dar es Salaam na katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe inayopakana na Dar es Salaam, vina kitu kinachoweza kuzifaa fleti za mjini, nacho ni udongo mweupe wa kaolini.

Ili kuona udongo huo unafaa wapi, ni lazima kuuelewa kwanza ukuta wa matumbawe. Majengo ya pwani ya karne ya 19, kama Boma la Kale la Dar es Salaam lililojengwa enzi za Sultani Majid mnamo 1866 na 1867, yana kuta nene za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Tumbawe lina vitundu vingi vidogo. Hunyonya unyevu wa ardhini na wa hewa ya bahari, na lipu ya chokaa huuacha unyevu huo utoke polepole. Fundi akipiga lipu ya saruji juu yake, maji hukosa pa kutokea. Chumvi hukusanyika nyuma ya lipu, hukauka na kuwa fuwele, na fuwele hizo husukuma. Baada ya masika machache lipu huanza kutoa mlio wa uwazi ikigongwa kwa kidole, kisha hubanduka vipande vipande, ikiondoka na uso wa jiwe lenyewe. Rangi ya mafuta na vigae vilivyobandikwa ukuta mzima huleta madhara yaleyale.

Chokaa hupatikana kwa kuchoma matumbawe au mawe ya chokaa kwenye tanuri, kisha huzimwa kwa maji na kuachwa ikae. Inayokaa muda mrefu huwa laini na kushika vizuri zaidi. Ikishapigwa ukutani hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa, kazi isiyotaka haraka. Kaolini inaingia hapo. Ikichomwa kwenye nyuzi joto kati ya 600 na 800 na kusagwa, kisha ikachanganywa na chokaa, lipu hukomaa hata penye majimaji, huku ukuta ukiendelea kupumua zaidi kuliko chini ya saruji. Mchanganyiko huo unafaa sana kwa bafu na kwa sehemu ya chini ya ukuta.

Juu ya kuta hizo hulazwa boriti za mikoko, ambazo kwa miaka mingi zilikatwa kwenye delta ya Rufiji. Urefu wa boriti ndio uliopanga nyumba: vyumba ni virefu, lakini upana wake hauzidi sana mita 3. Msanifu mzuri haubomoi ukuta ili apate sebule pana. Ukuta huo ndio uliobeba ghorofa ya juu. Badala yake hutumia samani za chini na nyembamba, huzigeuza zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, kuwa rafu za vitabu na taa, na huziacha boriti zionekane. Dari ya jipsamu inayopendwa siku hizi ni hatari katika nyumba hizi. Huficha ncha za boriti ndani ya ukuta, mahali ambapo uozo na mchwa huanzia, na mwenye nyumba hujua pale tu sakafu inapoanza kubonyea.

Uzito nao unataka hesabu. Tangi la lita 1,000 likijaa maji lina uzito wa tani moja, na mahali pake ni juu ya kuta nene, si katikati ya boriti. Bafu jipya liwekwe juu ya bafu la chini, mabomba yapite nje ya ukuta ili yanapovuja yaonekane, na nyaya zipitishwe kwenye mabomba ya juujuu badala ya kuchimba mifereji kwenye tumbawe. Makabati ya jikoni yasimame kwa miguu yake. Usasa wa kweli hapa ni ule unaoweza kufunguliwa na kuondolewa bila kuacha kovu.

Fleti za zege za katikati ya karne ya 20, zilizo nyingi Upanga na katikati ya jiji, zina tatizo jingine: hewa ya chumvi hupenya zege, nondo hushika kutu, huvimba na kulipasua. Nondo na nyufa hizo zitengenezwe kwanza. Sakafu ya terazo ikisuguliwa upya hung'aa kuliko vigae vingi vya dukani. Kuta za matofali yenye matundu zisizibwe. Ndizo zinazopitisha upepo.

Kazi hii ina sheria zake. Bara kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na Mji Mkongwe, uliomo katika Urithi wa Dunia tangu 2000, una mamlaka yake ya uhifadhi iliyoundwa 1985. Fleti nyingi za Dar es Salaam zilitaifishwa mwaka 1971 na leo ni za Shirika la Nyumba la Taifa, kwa hiyo mpangaji hana ruhusa ya kubomoa ukuta kwa hiari yake. Na hatari ni ya kweli: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la kale la Zanzibar, iliporomoka wakati jengo likikarabatiwa, na watu wawili wakafariki. Mwenye fleti ya kale amwite mhandisi kabla ya kumwita muuza samani, na fedha za kwanza aziweke kwenye paa, mifereji ya mvua na ncha za boriti.