Daraja la London Lililohamia Jangwani

Je, wajua kwamba daraja lililozinduliwa London mwaka 1831, mbele ya Mfalme William wa Nne, leo linapitisha magari katika jangwa la Arizona, Marekani?

Lilisanifiwa na John Rennie: matao matano ya mawe ya itale juu ya mto Thames. Lakini lilikuwa zito mno, nalo likawa linadidimia pole pole. Kufikia 1924, upande wa mashariki ulikuwa umeshuka inchi 3 hivi kuliko wa magharibi. Mwaka 1968 likauzwa kwa dola 2,460,000. Mnunuzi alikuwa Robert McCulloch, tajiri wa misumeno ya injini aliyekuwa akijenga mji mpya, Lake Havasu City, kando ya ziwa lililotokana na bwawa la mto Colorado.

Kulivunja ndiko kulikotaka akili. Kila jiwe liliandikwa namba zilizoonyesha limetoka tao lipi, mstari upi na nafasi ipi. Bila namba hizo, McCulloch angepokea rundo la kokoto za bei ghali. Mawe yakapakiwa melini, yakapita Mfereji wa Panama hadi Long Beach, California, kisha malori yakamalizia safari.

Huko Arizona mawe hayakubebeshwa tena uzito wote. Mafundi walisimamisha kiunzi cha zege na nondo, kisha wakakivika mawe ya Rennie kwa nje. Uzito ukashuka kutoka tani 130,000 hadi kama 30,000. Wapo wanaosema basi hilo si daraja lilelile. Hoja yao ina uzito, ila daraja lililokuwa likizama lisingeweza kusimama tena vilevile na kubeba magari ya leo.

Ajabu kubwa ni kwamba lilijengwa pakavu! Hapakuwa na maji ya kuvuka. Mafundi walirundika mchanga, wakaupa umbo la tao, wakajenga juu yake. Kazi ilipokwisha wakauchimba na kuuondoa. Mfereji nao ukachimbwa chini ya daraja, maji ya ziwa yakaingia, na rasi iliyokuwa imeungana na mji ikawa kisiwa.

Lilizinduliwa upya tarehe 10 Oktoba 1971. Ndani ya kiunzi kile kuna uwazi unaopitisha mabomba na nyaya za kuhudumia kisiwa. Juu yake wanapita wenye magari na waendao kwa miguu. Chini, boti hupenya kwenye matao, na abiria wake wakiinua macho huona itale ileile iliyowahi kutazamana na Thames.