Kidonge Kinachoyapitisha Mafuta

Dawa nyingi za kupunguza uzito hucheza na ubongo ili mtu asisikie njaa. Orlistat, inayouzwa kwa jina la Xenical, haina habari na ubongo. Kazi yake iko tumboni: huzuia vimeng'enya vya lipasi visisage mafuta, na karibu asilimia 30 ya mafuta yaliyoliwa huishia chooni.

Hapo ndipo penye kasheshe. Anayemeza kidonge cha miligramu 120 kisha akashambulia sahani ya chipsi kuku huenda akaharisha mafuta, tena bila hodi. Mwaka 2007, kidonge cha nusu ya nguvu hiyo kilipoanza kuuzwa Marekani bila cheti cha daktari, kwa jina la Alli, wauzaji wenyewe waliwashauri wateja wavae suruali za rangi nyeusi. Angalau walisema kweli.

Na faida? Nchini Sweden, watu zaidi ya 3,000 walifuatiliwa kwa miaka minne. Wote walibadili mlo na kufanya mazoezi. Waliomeza orlistat walipungua wastani wa kilo 5.8, waliopewa kidonge kisicho na dawa, kilo 3.

Mafuta yanayoishia chooni huondoka pia na vitamini A, D, E na K, ndiyo maana madaktari huagiza vitamini za nyongeza, zimezwe wakati wa kulala.