Nyanungu na Majina Yenye Wenyewe

Barua ya ofisi ya tarafa ikiandikwa "Ingwe", mgeni husoma anwani. Mkuria husikia chui. Ingwe, Inchage na Inchugu ni tarafa za Tarime, na ni chui, pundamilia na tembo: wanyama wa mwiko wa koo za Wakuria. Mwenye mnyama wake hamwui wala hali nyama yake, hata siku ya njaa.

Kata ya Nyanungu iko ukingoni mwa Tarime, vijiji kama Kegonga vikipakana na Hifadhi ya Serengeti. Huku nchi huitwa kwa watu wake: Bukira ni kwa Wakira, Butimbaru kwa Watimbaru, Bwirege kwa Wairege. Wazee wakisimulia asili huanzia mbali, Misri, wakapita Mlima Elgon, hadi safari inapofika kwenye nchi hizi zenye majina ya koo. Mkoloni alipochora mpaka wa Kenya na Tanganyika aliwagawa Wairege pande mbili, lakini Bwirege ikabaki jina la pande zote.

Mto Mara nao, unaotenga Tarime na Wilaya ya Serengeti kabla ya kumwaga maji Ziwa Viktoria, umebeba neno ambalo Wamasai hulitumia kwa madoadoa, wakiisifu nyika yenye vichaka huku na huku. Mkoa mzima umeitwa kwa mto huo.

Kinachoniuma ni Nyamongo. Ni jina la Wanyamongo, ukoo kamili wenye wazee wake na mila zake. Tangu mgodi mkubwa uanze uzalishaji mwaka 2002, ukilitaja Dar es Salaam watu huulizia dhahabu.

Ndani ya hifadhi, iliyotangazwa mwaka 1951, kuna mahali paitwapo Wogakuria, Kuria imo ndani ya jina lenyewe. Huko kaskazini ndiko watalii hushuka uwanja wa Kogatende kuwatazama nyumbu wakivuka Mara, kuanzia Julai hadi Oktoba. Wageni hao huhadithiwa kwa kirefu habari za nyumbu na mamba. Wangehadithiwa na za Wakuria pia, na msimuliaji angepatikana papa hapa mpakani. Shule za Nyanungu zingeweza kuanza muhula huu: kila mwanafunzi amwendee babu au bibi yake na daftari, aandike jina la kijito kilicho karibu na kwao, la kilima, la shamba la zamani, na ukoo uliolitoa.